Kumi na Mbili ya Mzee Shabani

Vijana wangu wa pale stendi ya Bunda, ninyi mnaofungua simu mbovu za watu huku muziki unawapigia masikioni, huwa nawapita nikitoka sokoni kurudi Nyasura. Mnaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi," nami naitikia, kisha narefusha shingo kidogo niitazame mikono yenu. Juzi mmoja wenu alimaliza kufunga simu ya watu, skrubu mbili zikabaki mezani. Akazifagia kwa kiganja zikaanguka chini, akamwambia mwenye simu kwamba imepona. Nilifika nyumbani nina hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kwenu, ilikuwa ya zamani. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mimi ni Nyangeta, mzaliwa wa Butiama. Nilikuwa fundi saa hadi macho yaliponikatalia, kwanza Musoma mjini, baadaye hapa Bunda. Najua mnajiuliza mwanamke aliingiaje kwenye saa. Niliingia kwa njia ya karanga. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nauza karanga za kukaanga kwenye baraza la duka moja la vitambaa Musoma, na pembeni yangu alikaa Mzee Shabani na meza yake ya kutengenezea saa. Baba yake alikuwa Mmanyema na mama yake Mkwaya, na utani wa pande zote mbili ulimkaa mdomoni. Siku moja skrubu ilimponyoka ikaanguka. Ilikuwa ndogo kama chawa. Mimi nikainama, nikaiokota, nikampa.

"Wewe binti, umeiona hiyo?"

"Nimeiona, Mzee. Ina mfereji kichwani."

Baadaye aliniambia kwamba bila ile lenzi yake ya jichoni alikuwa hajauona mfereji wa skrubu kwa muda mrefu, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe. Kesho yake niliposogea na sinia langu nilikuta ameniwekea kigoda.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na ukipata kanga moja unaikata na dadako. Vipuri vya saa havikuwepo kabisa. Mzee Shabani alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa saa zilizokufa, akiliita makaburini. "Nyangeta, nenda makaburini ukanitafutie kamani." Kamani ndiyo ile springi kuu inayoiendesha saa, msije mkadhani ni mtu. Petroli ya kuoshea magurudumu tuliomba kwa madereva wa malori, wakatupimia kwa kizibo cha soda. Mafuta ya kulainishia yalikuwa ya cherehani, nayo yanatiwa kwa ncha ya sindano, tone dogo hata nzi asingelamba akatosheka. Ukizidisha, saa inazama kwenye mafuta na kusimama, na mwanafunzi analaumu kamani.

Sasa nisikilizeni kwenye hili. Kufungua saa si ufundi. Saa yangu ya kwanza, ya mkono, ya ufunguo, ya zamani kuliko mimi, niliifungua kwa muda wa kuchemsha maharage. Kuirudisha kulinichukua wiki tatu. Kuna kibati ambacho kinafunika magurudumu matatu au manne kwa pamoja. Kila gurudumu limesimama kwenye ncha nyembamba kuliko unywele, na kila ncha ina tundu lake kwenye kile kibati. Lazima zote ziingie. Ukiingiza hii, ile imechomoka. Ukiirudisha ile, ya tatu imelala. Na ukichoka ukakandamiza, ncha inakatika na kazi imekwisha, maana nyingine utaitoa wapi. Nilikata mbili. Ya pili ilipokatika nililia waziwazi mbele ya wateja.

Mzee Shabani hakunifokea. Aliweka kibati chenyewe juu ya magurudumu, akakishikilia kwa kibano bila kukiegemea, kisha kwa kidole cha mkono mwingine akaanza kugonga meza. Meza, siyo saa. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Kibati kikashuka chenyewe.

"Usiisukumage," alisema. "Wewe igongee tu meza, yenyewe itajua pa kuingia."

Hiyo nawaachia, hata kwenye simu itawafaa. Pumueni kwa pua mkiinamia kazi. Mkila ugali na sato, msirudi mezani na mikono yenye mafuta. Sisi sabuni hatukuwa nayo, tulisugua kwa majivu. Pangeni vitu kwenye sahani kwa mfuatano wa kutoka, cha mwisho kutoka ndicho cha kwanza kurudi. Kikiruka kitu, asitembee mtu. Tulikuwa na sumaku ya redio mbovu, tunaiviringisha kwenye kitambaa na kupiga magoti nayo barazani. Siku kamani iliponichapa kwenye nyusi, alama yake hii hapa, Mzee alitafuta kamani kwanza ndipo akaniuliza kama naona. Nilinuna siku nzima.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la kuvunja. Lilikuwa la kusikia.

Kule Murangi, kando ya ziwa, palikuwa na zahanati, na kwenye zahanati palikuwa na mkunga aliyeitwa Nesi Perusi. Mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Alikuwa na saa aliyoachiwa na nesi mzee aliyemfundisha kazi, saa ya ufunguo yenye mshale wa sekunde na kidirisha cha tarehe. Kwa saa hiyo alihesabu mapigo ya moyo ya watoto na mama zao, na kwa saa hiyo aliandika kwenye daftari la zahanati nani kazaliwa lini na nani kafa lini. Siku moja akiwa kwenye mtumbwi kumfuata mgonjwa, maji yakaingia kwenye saa. Akaileta Musoma juu ya lori la dagaa, ameifunga kwenye leso.

"Mzee, hii ikifa mimi nitahesabu na nini?" alisema. "Nilikuwaga na kalenda ukutani, nayo ni ya mwaka juzi."

Tulihangaika nayo miezi miwili. Kutu tuliitoa, gurudumu moja tulilitoa makaburini, na kwa sababu macho ya Mzee yalizidi kufifia, kurudisha kulikuwa kwangu. Niliirudisha yote. Kibati kilishuka kwa kugonga meza, saa ikaanza kupiga, nikahisi mwili wote umekuwa mwepesi. Ikabaki mishale. Ilikuwa Ijumaa, na Mzee Shabani alikuwa amekwisha kuvaa kanzu ya kwendea msikitini. Akanielekeza akiwa amesimama.

"Zungusha kitufe polepole. Tarehe ikiruka tu, simama hapohapo, weka mishale kumi na mbili kamili. Basi, umemaliza."

Akaenda zake. Nami nikazungusha, tarehe ikaruka, nikasimama, nikaweka mishale saa kumi na mbili kamili. Mshale mrefu juu, mshale mfupi chini.

Labda ninyi mnaosoma tarakimu kwenye kioo cha simu hamjaliona kosa. Mzee Shabani alifundishwa kazi na fundi wa Kihindi, na mafundi wale walisema namba iliyo kwenye uso wa saa. Kumi na mbili yake ilikuwa ile iliyoandikwa juu, mishale yote miwili imelaliana pale, ambapo sisi tunasema ni saa sita. Saa sita hiyo ya usiku ndipo tarehe inaporuka. Kumi na mbili yangu ilikuwa ile niliyofundishwa tangu utoto, ya jua kuchomoza na kuzama, mshale mfupi ukiwa kwenye sita. Mtu wa lugha nyingine asingeweza kukosea kosa hili. Nililikosea kwa sababu nilikuwa mtiifu na kwa sababu nilikuwa Mswahili.

Aliporudi, saa ilikuwa inapiga, majira sawa, tarehe sawa. Akaiweka sikioni, akafumba macho. "Umeirudishia roho," alisema. Nesi Perusi alipokuja kuichukua alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nikavimba kichwa kwa miezi saba.

Ni katika miezi hiyo saba biashara ilipoanza kufunguliwa. Bidhaa zikaanza kupenya kutoka Sirari, mpakani na Kenya, kwanza kwa kujificha, halafu mchana kweupe. Kukawa na sabuni za rangi, mitumba, redio, na saa za betri zimemwagwa juu ya turubai kama dagaa. Watu walizinunua, zikifa wanatupa. Mzee Shabani aliitazama ile turubai akasema, "Hizi hazina hata cha kuzika makaburini." Alicheka, lakini siku ile alifunga meza mapema. Mfanyabiashara mmoja alirudi na saa ya zamani ya ufunguo aliyoipata huko mpakani, nayo ina kidirisha cha tarehe, akataka ioshwe. Nikaifungua, nikaiosha, nikaifunga peke yangu, mishale kumi na mbili kamili kama nilivyofundishwa.

Jioni yake Mzee alikuwa anatia udhu kwa birika pembeni ya baraza. Mimi nilikuwa naipangusa saa ile. Ikafika saa kumi na mbili, na mbele ya macho yangu tarehe ikaruka.

"Mzee, hii imeruka tarehe sasa hivi."

Alikuja mikono inachuruzika. Akavaa lenzi yake, akatazama, akaanza kucheka mpaka akakaa. "Nyangeta, umeisilimisha saa ya watu," alisema. "Sisi siku yetu inaanzaga magharibi, na hii nayo imefuata." Nami nikacheka, ingawa nilikuwa bado sijaelewa. Akanielewesha. Alipomaliza kunielewesha tulikuwa hatucheki tena.

"Umefunga ngapi zenye tarehe?"

"Hii na ya Nesi Perusi."

Maji yakamkauka mikononi. Ile ya Nesi ingeweza kurukia asubuhi, maana kumi na mbili ziko mbili kwa siku. Kwa jinsi nilivyoiweka, ilikuwa inaruka jioni. Kila aliyezaliwa au kufa Murangi baada ya saa kumi na mbili jioni na kabla ya saa sita usiku, alikuwa ameandikiwa tarehe ya kesho. Mchana tarehe ilikuwa sawa, hivyo nani angeshtuka? Nesi alikuwa anaandika anachokiona kwa mwanga wa koroboi. Nilimwomba Mzee aende yeye akaseme. Nilimwambia nitatengeneza saa bure mwaka mzima.

"Siendi," alisema. "Utaenda wewe na kibano chako, na utamwambia wewe. Ukishindwa, usirudi kukaa kwenye kigoda changu."

Njiani juu ya lori la dagaa nilitamani liharibike. Halikuharibika. Nesi Perusi alinisikiliza amesimama mlangoni mwa zahanati. Nilieleza vibaya, nikaeleza tena. Hakunitukana. Aliivua saa, akaigeuza, akaivaa tena. Kisha alitoa daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa za miezi saba, na kila penye saa za jioni akaweka alama ndogo. Zilikuwa alama tano. Kwenye ya tano kidole chake kilikaa.

"Raheli," alisema.

Raheli alikuwa mke wa mvuvi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Ijumaa saa nane mchana, akiwa hajatimia. Nesi Perusi alikaa naye ameshika saa, anahesabu. Saa mbili usiku ya siku ileile hapakuwa na cha kuhesabu. Akaandika kuzaliwa, akaandika kufa, na kwa sababu yangu mimi viliandikwa tarehe mbili tofauti.

"Mimi sijawahi kuandika uongo kwenye daftari hili," Nesi alisema. "Tutapita kila nyumba. Utasema wewe, mimi nitakata na kuandika upya wakiwa wanaona."

Nyumba nne za kwanza tulizimaliza mapema. Mama mmoja alisema yeye tarehe alikuwa haijui hata hivyo. Baba mmoja mcheshi aliuliza, "Kwa hiyo huyu amezeeka siku moja tukiwa tumelala?" Akamnyanyua mtoto na kumpa shikamoo. Nesi alikuwa anapiga mstari kwa rula, kalamu nyekundu, anaandika tarehe sahihi na jina lake pembeni. Kila mstari niliusikia mwilini.

Kwa Raheli tulifika alasiri. Alikuwa anaanua dagaa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, labda rika langu. Mumewe alikuwa ziwani. Alitupa mkeka, akaleta maji, na mimi nikasema niliyokuja kusema, macho yangu yako kwenye mkeka. Nilisema nilikosea mishale. Nilisema mtoto hakufa Jumamosi, alifariki Ijumaa, siku aliyozaliwa, na kwamba Nesi amekuja kusahihisha. Nikasema naomba unisamehe.

Raheli aliingia ndani. Nilidhani hatatoka. Akatoka na Biblia, akaifungua jalada la nyuma, ambapo mumewe alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi zile tarehe mbili alizopewa na Nesi. Akaziwekea kidole.

"Mama Nesi, siku ile jua lilikuwa limezama alipofariki?"

"Lilizama, mwanangu, ndiyo. Lilizama kabla."

"Sisi ni watu wa Sabato," Raheli alisema, na aliniangalia mimi kwa sababu Nesi alijua. "Sabato tunaifunguaga jua likizama Ijumaa. Siku ile wamama walikuwa wamekuja kukaa nami. Jua lilipozama wakaimba wimbo wa kufungua Sabato, nimempakata. Akafungua macho. Mama Nesi, aliyafungua?"

"Aliyafungua."

"Basi alifika. Alikuwa na Ijumaa yake na alikuwa na Sabato yake. Ni siku mbili tu, mama. Msimtoe kwenye Sabato."

Nesi Perusi alikuwa amekwisha kufungua kalamu. Aliinama akaitazama ile Biblia. Kisha akaifunga kalamu, akafunga na daftari, akaweka rula juu yake. Mstari ule haukukatwa. Naamini hadi leo haujakatwa.

Nilitoa kibano na bisibisi ili niirekebishe saa palepale, nilitaka mikono ipate cha kufanya. Raheli akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia bado kidogo kumi na mbili.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nataka kuiona."

Nesi akaivua, akampa. Raheli aliiweka sikioni kwanza, ile iliyokuwa inahesabu moyo wa mwanawe, akaisikiliza huku dagaa wake wakiwa bado hawajaanuliwa. Halafu akaishika kiganjani, sote watatu tukainamia kile kidirisha. Mshale mrefu ulipanda, ukafika juu, na tarehe ya kesho ikaingia. Ina mlio mdogo sana ikiruka. Mimi niliufahamu, na wao waliusikia.

Raheli alinirudishia saa. "Sasa tengeneza," alisema.

Nikaitengeneza kwenye mkeka wake kabla mwanga haujaisha. Nikagonga ardhi kwa kidole, kwa mazoea tu. Nikaweka mishale yote miwili juu, kwenye kumi na mbili ya Mzee Shabani. Nikarudi Musoma, nikamweleza, akanisogezea kigoda.

Simu zenu hubadilisha tarehe zenyewe, na hakuna anayeamka kuziangalia. Sawa. Lakini kila anayewapa simu anakupeni kitu ambacho hamkioni, na skrubu iliyobaki mezani ni ya mtu. Mimi nilirekebisha saa zisizo na idadi baada ya ile, zote zikaruka saa sita usiku kama inavyotakiwa. Na bado kila Ijumaa jua likizama, nikiwa hapa Nyasura, nasimama kidogo mlangoni kwa ajili ya yule mtoto. Namwacha aingie siku ya pili.